Kadi tatu zilizokosekana: namna ya kukagua vichujio vya toleo

Papa mmoja mwenye depo ya dawa hapa Lubumbashi huja kwetu kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi na kaye yake. Ni kaye ya shule, jalada la bluu, na ndani yake kila ombi alilowahi kutuomba lina namba na mstari wake. Safari moja nilimgeuzia skrini nimwonyeshe mpango wa toleo 1.4 la programu tunayomtengenezea. Akavaa miwani, akaanza kushuka na kalamu, moja, mbili, tatu. Alipofika chini akarudi juu, akahesabu upya. Kisha akaniangalia.

"Mama, hapa minahesabu kumi na moja. Mu kaye yangu iko kumi na ine. Ile ingine tatu iko wapi?"

Nikatazama. Onyo la dawa zinazokaribia kuisha muda halikuwepo. Faktire (ankara) ya sarafu mbili, dola na faranga, haikuwepo. Ripoti ya mwezi ya kusomea kwenye simu, nayo hakuna. Nyuma yangu kijana wetu wa programu alikuwa ameshaanza kujitetea: "Yaya, miye sikufuta kintu." Na kweli hakufuta. Ila ilinichukua siku nzima kulithibitisha hilo, na nusu ya siku hiyo niliipoteza kwa kutafutia mahali ambapo kadi zisingeweza kuonekana hata ningebofya mpaka jua lizame. Ninayoandika hapa ni ya kukuokolea hiyo nusu siku.

Sisi tunatumia Jira, programu ya kupangia kazi ambamo kila kazi ina kadi yake, na juu yake ile sehemu ya mipango inayokusanya miradi kadhaa kwenye ratiba moja. Wakongwe mliijua kwa jina la Portfolio, baadaye ikaitwa Advanced Roadmaps, siku hizi ni Plans tu, na kwa wanaotumia Jira ya mtandaoni iko kwenye daraja la Premium na Enterprise. Timu ya watu sita kama yetu isingeimudu. Anayelipia leseni ni mshirika wetu wa Afrika Kusini. Kama unatumia programu nyingine ya kupangia kazi, mengi ya hapa yatakufaa, maana karibu zote zina nafasi ya toleo na zina kichujio chake. Lakini tabia ninazozitaja ni za Jira, isipokuwa nikisema vinginevyo.

Nafasi ya toleo kwenye kadi

Kadi ya Jira ina nafasi mbili zinazotaja toleo, na hapo ndipo wapya wanapojikwaa. Moja inasema tatizo limeonekana kwenye toleo gani. Nyingine inasema kazi hii itatoka na toleo gani. Mpango, ubao na ukurasa wa matoleo vinaangalia ile ya pili, ambayo kwenye lugha ya utafutaji inaandikwa fixVersion. Ukijaza ya kwanza ukaiacha ya pili tupu, kwa macho ya mpango hujasema lolote. (Jira yetu iko kwa Kifaransa, kama ofisi nyingi za hapa, lakini maswali ya utafutaji yanabaki na maneno yake yaleyale, kwa hiyo nitayaandika jinsi yanavyochapwa.)

Nafasi hiyo inaweza kuwa tupu, inaweza kuwa na toleo moja, inaweza kuwa na mawili au zaidi. Toleo lenyewe nalo lina hali yake: halijatolewa, limetolewa, au limewekwa kwenye kumbukumbu. Sasa wewe unaweka kichujio cha "1.4". Kinachoulizwa pale ni kitu kimoja tu: kadi hii imeandikwa 1.4? Hakiulizi kama kazi ni ya haraka. Hakiulizi kama kuna Papa mwenye kaye anaisubiri.

Usianze kubofya

Nilichofanya mimi asubuhi ile ni kile ambacho wengi wangekifanya. Niliondoa kichujio cha 1.4, nikaweka 1.3, nikaondoa kichujio cha timu, nikarudisha 1.4, nikafungua mwonekano mwingine. Baada ya dakika kumi skrini ilikuwa na kadi zaidi ya mia tatu, Papa ameshavua miwani, na mimi sikumbuki tena nilianza na mwonekano upi.

Anza na kadi yenyewe. Tafuta namba yake kwenye kisanduku cha juu. Kama huna namba, tafuta kwa maneno ya kichwa chake. Onyo la dawa kwetu ni DEPO-212. Nikaiandika, ikafunguka, na kwa kufunguka tu imeshanijibu mambo mawili: haikufutwa, na mimi nina ruhusa ya kuiona. Isingefunguka, hapo ni suala la ruhusa au la kufutwa kweli, umwite msimamizi wa Jira na uachane na vichujio kabisa.

Ikishafunguka, andika vitu vinne kwenye karatasi: iko mradi gani, nafasi ya toleo ina nini, hali ya kazi ni ipi, na kama imefungwa, ilifungwa lini. Nasema karatasi kweli, siyo kichwani. Utafungua na kufunga kurasa nyingi, na ukifika ya tano utakuwa unabishana na kumbukumbu yako.

Vizuizi viko vitatu, na mpangilio wake una maana

Aliyewahi kusubiri mzigo mpakani Kasumbalesa anajua kwamba lori linavuka vizuizi kwa zamu. Kama limekwama upande wa Zambia, hata ukimbembeleza afisa wa upande wetu hana cha kukupa. Lori bado halijamfikia. Kadi nazo zinafika kwenye skrini ya mpango kwa namna hiyo.

Kizuizi cha kwanza ni vyanzo. Mpango unachota kadi kutoka kwenye mbao, miradi au utafutaji uliohifadhiwa, na kadi isiyo kwenye chanzo chochote haifiki. Hicho ni chepesi kukikagua, fungua mpangilio wa mpango usome orodha.

Kizuizi cha pili ni kanuni za kuacha nje, ambazo ziko humohumo kwenye mpangilio wa mpango. Hapo mtu anaweza kusema toleo fulani lisiingie, aina fulani ya kadi isiingie, hali fulani isiingie. Na hata kama hakuna aliyegusa, kuna moja inayofanya kazi kimya: kazi iliyokamilika kwa zaidi ya siku 30 huondolewa kwenye mpango mpaka ubadilishe namba hiyo. Kwa hiyo mtu akikuuliza "mbona ile tuliyomaliza Januari haipo?", jibu huenda ni hilo tu. Mpango mmoja pia una kikomo cha kadi 5,000, lakini kwa timu za huku kwetu sidhani kama kitakugusa.

Kizuizi cha tatu ni vichujio vya mwonekano, vile unavyoviona juu ya ratiba: toleo, timu, mtu, hali, mradi. Hivi havitoi kadi kwenye mpango. Vinaficha tu kwenye ule mwonekano, na mwonekano uliohifadhiwa huvikumbuka. Mwenzako akifungua mwonekano wako anaona ulivyochuja wewe, hata kama hajui kuna uchujaji.

Nusu siku yangu ilipotelea hapa. Nilikuwa nabofya kizuizi cha tatu nikitafuta kadi iliyokwama cha pili. Kilichoachwa nje kwenye mpangilio wa mpango hakiwezi kurudishwa na kichujio cha mwonekano, hata ukiviondoa vyote. Kwa hiyo njia yako iwe ni hii, na usiruke: kadi, vyanzo, kanuni za kuacha nje, ndipo vichujio.

Ya kwanza: nafasi tupu

DEPO-212 ilikuwa kwenye mradi sahihi, haijaanza kufanyiwa kazi, na nafasi ya toleo la kutoka nalo haina kitu. Kijana wetu alikuwa ameandika 1.3 kwenye ile nafasi nyingine, ya mahali tatizo lilipoonekana, akaamini ameshajaza. Simlaumu. Nafasi mbili zinafanana kama mapacha.

Mwonekano niliomwonyesha Papa ulikuwa umechujwa kwa 1.4 peke yake. Kadi isiyo na toleo si ya 1.4, basi ikafichwa. Dawa yake ni fupi: kwenye kichujio cha toleo cha mpango, pamoja na matoleo, kuna chaguo la kadi zisizo na toleo. Liweke tiki pamoja na 1.4. Sasa unaona 1.4 pamoja na zote ambazo bado hazijapewa nyumba, na macho yako yatakuambia zipi ulizisahau na zipi zinangoja kwa haki.

Kwa maoni yangu mwonekano wa kazi za ndani, ule wa timu, usikose kamwe chaguo hilo. Ule wa mteja ni jambo jingine, nitaurudia.

Ya pili: iliyovalishwa nguo za kazi iliyokwisha

Hii ndiyo iliyonitisha. Faktire ya sarafu mbili ilikuwa haijakamilika. Kiwango cha kubadilisha dola kilikuwa kinachukuliwa cha siku ya kuchapa badala ya cha siku ya kuuza, na kwa mtu anayeuza kwa dola na kupokea faranga hilo si jambo dogo. Lakini nafasi ya toleo ilisema 1.3, na 1.3 tulikuwa tumeshaitoa Ijumaa.

Nikamwuliza kijana ilikuwaje. Ijumaa ile ilikuwa saa kumi na moja jioni kwetu, saa kumi Kinshasa, na tawi la Kinshasa lilikuwa linasubiri toleo kabla ya kufunga. Akabonyeza kitufe cha kutoa. Jira ikamwambia kuna kadi moja haijatatuliwa ndani ya toleo hili, na ikampa njia mbili: ihamishie toleo lingine, au puuza uendelee. Akapuuza. Alitaka kupanda basi kabla giza halijaingia, na mimi ningefanya vilevile.

Kupuuza hakufuti kitu. Kadi inabaki na 1.3, ila sasa 1.3 ni toleo lililotolewa. Ubao wetu wa Kanban, ule wa safu zinazoonyesha kila kazi imefika wapi, una kichujio kidogo ambacho Jira yenyewe hukiweka unapouunda, na kinasomeka hivi:

fixVersion in unreleasedVersions() OR fixVersion is EMPTY

Yaani onyesha kadi ambazo toleo lake halijatolewa, au ambazo hazina toleo. Kimewekwa kwa nia njema, ili ubao ujisafishe toleo likitoka. Lakini pitisha kadi ya faktire humo. Toleo lake limetolewa, kwa hiyo sehemu ya kwanza inaikataa. Nafasi yake si tupu, kwa hiyo ya pili inaikataa pia. Imetoka kwenye ubao ikiwa haijakamilika. Jumatatu asubuhi tukisimama mbele ya ubao kugawana kazi, hakuna anayeitaja, kwa sababu haionekani, na hakuna anayeshtuka, kwa sababu kitu kisichoonekana hakimshtui mtu. Kwenye mpango nako tulikuwa tumeacha 1.3 nje mara tu ilipotoka. Imefungiwa milango yote miwili.

Kadi tupu angalau inabaki kwenye ubao. Hii haibaki popote, isipokuwa kwenye kaye ya Papa.

Ukitaka kuzitafuta za namna hii, hifadhi swali hili:

fixVersion in releasedVersions() AND statusCategory != Done

Linaleta kila kazi ambayo haijakamilika lakini toleo lake limeshatoka. Tulipolitumia mara ya kwanza lilileta saba, na mbili kati yake hakuna aliyezikumbuka. Utaona pia kadi zenye matoleo mawili, moja limetoka na jingine bado. Hizo usishtuke nazo, ubao unaendelea kuzionyesha kwa sababu ya lile ambalo halijatoka.

Ya tatu

Ripoti ya simu iko kwenye mradi wetu mwingine, SIMU. Ina 1.4, na hali yake ni sawa kabisa. Lakini matoleo kwenye Jira ni mali ya mradi. 1.4 ya DEPO na 1.4 ya SIMU ni vitu viwili tofauti vilivyopewa jina moja, na mimi kwenye kichujio cha mpango nilitia tiki moja. Mpango unakuruhusu kuyaunganisha chini ya toleo la pamoja linalovuka miradi, na kama matoleo yenu kweli hutoka siku moja, fanyeni hivyo. Sisi hayatoki siku moja, kwa hiyo tulibadilisha majina tu: DEPO 1.4, SIMU 1.4. Ilituchukua dakika tano.

Kosa langu mwenyewe

Baada ya kuzipata zote tatu nilitaka kuunda chanzo kipya cha mpango ambacho kingechukua kila kitu isipokuwa 1.3. Nikaandika:

fixVersion != "1.3"

Onyo la dawa likapotea tena! Nilikuwa bado sijaipa toleo, na nilitarajia ingepita, maana kadi isiyo na toleo lolote si ya 1.3, mtoto wa darasa la tatu atakuambia. Jira haihesabu hivyo. Kwake nafasi tupu haina kitu cha kulinganisha na 1.3, na kisicholinganishwa hakipiti. Ndivyo ilivyo pia ukitumia NOT IN ("si miongoni mwa") badala ya != ("si sawa na"). Lazima uziite tupu kwa jina:

fixVersion is EMPTY OR fixVersion != "1.3"

Sababu ya mkono wangu kuteleza naijua. Miaka yetu ya mwanzo tulikuwa na Redmine, imewekwa kwenye mashine yetu chini ya meza, na intaneti ikikatika sisi tunaendelea. Kule ukichuja kwa "si" toleo fulani, kadi zisizo na toleo zinaingia pamoja na nyingine. Programu mbili, neno lilelile, majibu mawili. Redmine nayo ina lake: ukurasa wake wa ramani ya matoleo huonyesha kazi chini ya toleo zilikopangwa, na zisizopangwa popote hazina mahali humo. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine, usihamishe vichujio kwa kuvinakili. Jaribu kila kimoja kwa kadi tupu unayoijua.

Na kosa halikuishia hapo. Nilitaka mradi wa DEPO tu, nikaongeza mbele:

project = DEPO AND fixVersion is EMPTY OR fixVersion != "1.3"

Skrini ikajaa kadi za mshirika wetu wa Afrika Kusini, mambo ya maghala ambayo hata sijui ni ya nani. AND (na) hushika kwa nguvu kuliko OR (au), kwa hiyo swali langu lilisomeka: tupu za DEPO, au chochote kisicho 1.3 cha mradi wowote. Zile sehemu mbili zinazotenganishwa na OR zifunge kwa mabano, kisha AND ikae nje yake. Kabla ya kukihifadhi kichujio chochote cha namna hii, angalia idadi ya matokeo. Ikiruka kutoka 60 hadi 900, umesahau mabano.

Mengine madogo, kwa haraka

Kadi mama ikipewa 1.4, watoto wake hawairithi. Kila mmoja ana nafasi yake, na inabaki tupu mpaka mtu aijaze au uweke kanuni ya kujaza yenyewe. Ukiona kadi kubwa peke yake kwenye ratiba bila hata kazi moja chini yake, shuku hilo kwanza.

Toleo lililowekwa kwenye kumbukumbu halionekani tena kwenye orodha ya kuchagua, lakini kadi zilizokuwa nalo bado zinalo.

Mabadiliko unayofanya ndani ya mpango ni rasimu. Nilipowapa watu habari kwamba "nimeshazirudisha", ubao wao haukuonyesha chochote, kwa sababu nilikuwa nimebadilisha toleo kwenye mpango na sikupitia ile hatua ya kukagua mabadiliko na kuyahifadhi kwenye Jira. Dakika ishirini za "mbona hapa hakuna, Yaya?" kwa kosa la kitufe kimoja.

Tunavyofanya sasa

Kila Jumatatu, kabla ya kusimama mbele ya ubao, mmoja wetu hufungua utafutaji mara mbili. Ule wa kazi zisizokamilika zenye toleo lililotoka umeshauona. Mwingine tunauita yatima:

fixVersion is EMPTY AND statusCategory != Done

(Hapo != haileti shida, maana kila kadi ina hali, hakuna iliyo tupu.) Yatima si lazima zipewe toleo zote. Nyingine ni mawazo tu, zikae. Lakini lazima mtu azitazame kwa macho na kusema "hii ikae".

Siku ya kutoa toleo, anayebonyeza kitufe si yule anayetaka kuondoka. Hilo ni la mzaha nusu na la kweli nusu. La kweli kabisa ni kwamba Jira ikiuliza kuhusu kadi zilizobaki, tunazihamishia toleo linalofuata, na tumepiga marufuku kupuuza. Kisha tunafungua ubao tuhesabu kadi: idadi iliyoondoka ilingane na idadi iliyokamilika.

Kuhusu mwonekano wa mteja, sikubaliani na wanaosema uondoe vichujio vyote ili uwe mkweli. Papa hahitaji kuona kazi yetu ya kubadilisha seva. Mchujie, lakini mwambie umechuja nini. Mwonekano wetu wa kwake sasa unaitwa "DEPO 1.4 na SIMU 1.4 pamoja na zisizo na toleo". Jina refu na baya, lakini linasomeka. Na ukimpa asilimia, mpe na jumla yake. Ile asubuhi nilikuwa nimemwambia tumefika asilimia 82, maana kazi tisa kati ya kumi na moja zilikuwa zimekamilika. Kumbe ni tisa kati ya kumi na nne, asilimia 64. Alikuwa ameshapanga kufunga depo Jumamosi moja ahesabu mali yote kwa mfumo mpya, na kwa 82 angeifunga. Kwa 64 aliahirisha.

Jumatatu ya mwezi uliofuata alikuja, akaweka kaye mezani, akavaa miwani. Nilimgeuzia skrini nikanyamaza. Akashuka na kalamu mpaka chini.

"Kumi na ine," akasema. Akageuza ukurasa. "Lakini Mama, iko na ya kumi na tano."

Nikafungua kadi mpya mbele yake. Kabla ya kuandika kichwa chake nikaweka mkono kwenye nafasi ya toleo, nikamwuliza: itoke na 1.4 ao 1.5?

Alinitazama juu ya miwani kama nimemwuliza swali la ajabu.

"Yote ni 1.4, Mama."